Nakuru Hadi Kisumu kwa Mwendo wa Mzee

Nimerudi nyumbani wiki mbili sasa, na ndipo nimepata nafasi ya kukaa na daftari langu la hazina. Nusu ya kurasa zililowa siku ya pili na wino ukatoka, kwa hiyo sehemu kubwa ya simulizi hii nimeijenga upya kutokana na picha za simu na ujumbe wa M-Pesa. Ujumbe wa M-Pesa una saa na dakika. Nikitaka kujua tulikuwa wapi saa nne na robo asubuhi ya Ijumaa, natazama nani alituma mia moja wakati huo, kisha nakumbuka alikuwa amesimama wapi.

Klabu yetu ya baiskeli ya Nakuru hufanya safari moja ndefu kila Agosti, shule zikifungwa, kuchangia kliniki moja ya Kisumu inayohudumia watoto wenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Mimi ndiye mweka hazina. Pia ni anti wa mmoja wa watoto hao, mwana wa dada yangu, ana miaka tisa.

Mwaka jana tulikwenda kwa kasi. Vijana wenye baiskeli nyepesi walifika Kisumu siku ya pili adhuhuri, wakatungojea sisi wengine hadi jioni. Michango ya barabarani, yaani kutoka kwa watu tuliokutana nao njiani, ilikuwa shilingi 3,415. Nilipoisoma hesabu hiyo kwenye mkutano, Mzee wetu akainua mkono. Ana miaka 68, alifanya kazi reli mpaka alipostaafu, na baiskeli yake ni ile nyeusi ya chuma, ya gia moja, yenye karia nyuma na kengele. Akasema, "Watu watawapaje pesa na hamkusimama kuwasalimia?" Hapo tukapitisha kwamba mwaka huu hakuna atakayempita Mzee, na tutatumia siku tatu badala ya mbili.

Siku ya kwanza, Alhamisi: Nakuru – Njoro – Elburgon – Molo (kilomita 50 hivi)

Tulikutana Nyayo Gardens saa kumi na mbili asubuhi, watu 23 na pikapu moja ya kubeba mizigo, maji na vipuri. Mfadhili aliyetuahidi fulana alijiondoa zikiwa zimebaki siku mbili. Iliniuma, maana tulikuwa tumempa nafasi ya jina lake mbele na nyuma. Fundi cherehani mmoja wa sokoni alikesha akatushonea vizibao vya kitambaa cha manjano, 150 kila kimoja, na mwalimu wetu akaviandika kwa rangi kwa mkono: TUNACHANGIA WATOTO WA SELIMUNDU. Herufi za wengine zilipinda. Lakini ziliandikwa kwa Kiswahili na zilisomeka kwa mbali, na baadaye nilifurahi kwamba jina la kampuni halikuwepo, maana watu walisoma ujumbe wenyewe.

Kutoka mjini hadi njia panda ya Njoro ni barabara kuu, na malori hayana huruma. Tulikwenda mmoja nyuma ya mwingine, pikapu ikiwa mkiani na taa za hatari zikiwaka. Ni kilomita chache tu, lakini nilishika usukani mpaka vidole vikafa ganzi.

Kwa atakayetaka kufuata njia hii: usidanganywe na ramani ikikuambia upitie Salgaa na Sachangwan kwa kuwa ni karibu zaidi. Mteremko ule umemaliza watu. Sachangwan ndipo lori la mafuta lilipopinduka tarehe 31 Januari 2009, watu wakakimbilia kuchota petroli, moto ukalipuka na zaidi ya 100 wakafa. Trela zinashuka pale breki zikinuka. Ukiwa na baiskeli, kata kushoto uingie Njoro, upite Elburgon na Turi hadi Molo, kisha urudi barabara kuu pale Mau Summit. Utapanda sana, lakini utapanda ukiwa hai.

Njoro tulikunywa chai, 30 kikombe, na mandazi ya kumi kumi. Kutoka hapo barabara inaanza kuinuka. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na Molo inakaribia 2,500, kwa hiyo hesabu yenyewe unaiona. Mzee hakupanda milima kwa kukanyaga. Kila kilima kikali alishuka, akaweka mkono mmoja kwenye kitako na mwingine kwenye usukani, akatembea. Sisi wengine tukajifunza kushuka pia. Na ukitembea na baiskeli kando ya mashamba ya viazi, watu wanakuuliza unakwenda wapi.

Hivyo ndivyo tulivyompata shosho wa viazi, yaani bibi mmoja muuzaji, kabla ya kuingia Elburgon. Alikuwa na ndoo tano zimepangwa kando ya barabara, zimejaa mpaka juu na kilele kama mlima. Akasoma kizibao cha Mzee kwa sauti, herufi kwa herufi, akauliza selimundu ni nini. Muuguzi wetu akachuchumaa karibu naye akamweleza: chembe nyekundu za damu za mtoto huyu hazikai duara, zinajikunja kama mundu, zinakwama kwenye mishipa, na pale zinapokwama ndipo maumivu yalipo. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi. Ya mtoto huyu huishi siku 10 hadi 20, kwa hiyo damu yake inakwisha haraka kuliko anavyoweza kuitengeneza.

Shosho akanyamaza kidogo. Akasema, "Sijauza hata ndoo moja leo. Lakini niandikie namba. Nikiuza, nitatuma." Hakuwa na kalamu wala karatasi, na simu yake ilikuwa nyumbani kwenye chaji. Mwalimu akamwandikia namba kwa rangi ileile ya vizibao kwenye kipande cha gunia. Tukamshukuru tukaondoka. Nakiri sikuiweka ahadi ile kwenye hesabu.

Elburgon ni mji wa mbao, unausikia kabla ya kuuona. Spoki mbili za katibu zilikatika mbele ya kibanda cha fundi wa baiskeli, kijana mdogo mwenye ovaroli. Alitoa gurudumu, akatafuta spoki zinazolingana kwenye kopo la maziwa, akazipunguza kwa tupa, akanyoosha rimu kwa jicho tu bila kifaa chochote. Alichukua dakika 50. Tulipouliza bei akasema tuweke pesa hiyo kwenye kopo la watoto. Tukamwuliza basi anadai kiasi gani, ili tujue cha kuweka. Akasema 200. Tukaweka 500 kwa jina lake, na risiti nikamwandikia.

Turi tulipita bila kusimama. Mzee alitaka kuona stesheni ya Molo kabla ya giza, akatuonyesha njia ya reli aliyoifanyia kazi, ile iliyofika Kisumu mwaka wa 1901 wakati mji huo ukiitwa Port Florence. Alisema reli ilitafuta mteremko wa taratibu, ndiyo maana inazunguka sana milimani. "Hata treni haikukimbia hapa," akatuambia.

Molo usiku ni baridi ambayo mtu wa Nakuru haiamini mpaka aikute. Chumba cha watu wawili kilikuwa 1,200, yaani 600 kila mtu, na debe la maji moto juu yake. Tulikula kondoo wa kuchemsha na viazi, 350 kwa sahani. Niliomba blanketi la tatu. Nikiwa chini ya yale matatu nilimfikiria mwana wa dada yangu, maana baridi ni moja ya vitu vinavyomletea maumivu. Hali kama ile ya Molo ingemlaza hospitalini. Ndiyo sababu hajawahi kuja Nakuru Agosti kututembelea.

Siku ya pili, Ijumaa: Molo – Mau Summit – Londiani – Kericho (kilomita 70 hivi)

Pikapu ilikataa kuwaka. Betri ilikufa kwa baridi. Tulisukuma, tukasukuma tena, mwishowe mwenye matatu mmoja akatuunganishia waya kutoka kwa gari lake huku abiria wake wakingoja ndani bila kulalamika. Abiria watatu walishuka wakatupa hamsini hamsini. Tuliondoka saa mbili na nusu badala ya saa kumi na mbili na nusu, na saa hizo mbili tulikuja kuzilipa mchana.

Ukungu ulikuwa mzito hadi Mau Summit. Pale barabara inagawanyika, kulia Eldoret, kushoto Kericho na Kisumu. Kuanzia hapo hadi Kericho ni kilomita 57, barabara nzuri, na ukingo wa lami unatosha baiskeli sehemu nyingi, ingawa bodaboda nao wanautumia na wengine wanakuja upande wako.

Tulisimama njia panda ya Londiani. Hatukupanga kufanya sherehe, lakini hakuna aliyetaka kupita tu. Tarehe 30 Juni 2023 lori liliacha barabara hapa likaua watu zaidi ya 50, wengi wao wachuuzi na waliokuwa wakingoja gari. Mzee alivua kofia. Tulikaa kimya, na katika ukimya huo mwenyekiti akamtaja pia marehemu Suleiman Kangangi, mwendesha baiskeli wetu wa Kenya aliyefariki Agosti 2022 akishindana Marekani. Mama mmoja anayeuza mahindi ya kuchoma alituangalia tangu mwanzo. Tulipomaliza aliuliza sisi ni kina nani, akasoma vizibao, akachukua beseni yake ya plastiki akapita nayo kwa wenzake kibanda kwa kibanda. Ilirudi na shilingi 1,870, nyingi zikiwa sarafu. Aliihesabu mbele yangu mara mbili, akanitaka niandike "wachuuzi wa Londiani", siyo jina lake.

Daftari linanionyesha kwamba sikuandika chochote kwa saa mbili zilizofuata. Ilikuwa kupanda na kushuka, kupanda na kushuka.

Mvua ya Kericho ina ratiba. Asubuhi jua, kisha kuanzia saa saba au saa nane mchana mawingu yanajikusanya kutoka upande wa Ziwa Victoria. Ukiondoka Molo mapema unafika Kericho mkavu. Sisi tulikuwa tumepita Chepseon ilipotupata, na haikuja kama maji, ilikuja kama mawe. Yaligonga helmeti kama mtu anayetupiwa njegere kavu, yakatuchapa mikononi mpaka tukapiga kelele. Tulikimbilia kwenye kituo cha kununulia majani chai, banda la mabati lenye mizani ya kuning'inia. Ndani walikuwemo wachumaji kama thelathini na vikapu vyao mgongoni, wamekwama kama sisi.

Mzee aliwasalimu kwa Kikalenjin, "Chamgei!" Wakajibu kwa pamoja, "Chamgei mising!" na nafasi ikapatikana. Wanawake walisogeza vikapu ili baiskeli ziingie pia. Mmoja alinivua kizibao kilicholowa akanifunika leso yake. Mwingine alitoa chupa ya chai, nyingi maziwa, akatupitishia kikombe kimoja watu 23, kila mmoja funda mbili.

Tulikaa mle dakika 40, na yalikuwa mazungumzo mazuri kuliko yote ya safari. Mama mmoja aliuliza kama ni kweli ugonjwa huu ni wa watu wa ziwani tu, na kama ni laana ya ukoo. Muuguzi alijibu kwa upole, akitumia majani mawili na kichipukizi aliyoyachukua kikapuni. Baba anabeba chembe moja ya urithi yenye kasoro, mama anabeba moja, wote wawili wazima, hawajui. Kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata zote mbili, na huyo ndiye mtoto anayeumwa. Na sababu ya kuwa nyingi kanda ya ziwa ni malaria: anayebeba moja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali, kwa hiyo vizazi na vizazi waliobeba walinusurika. "Basi si laana," akasema yule mama. "Ni deni." Muuguzi wetu, ambaye ameeleza jambo hili miaka mingi wodini, alisema hajawahi kusikia likielezwa vizuri hivyo.

Walichanga shilingi 1,340. Mizani ya chai ilikuwa juu yetu, na karani wa kituo akaifungua droo yake akaongeza 500. Hapo ndipo daftari langu lililowa, nilipolitoa mfukoni kuandika huku maji yakidondoka kutoka kwenye nywele zangu. Tunzeni daftari lenu kwenye mfuko usiopitisha maji. Mimi sasa ninao.

Tuliingia Kericho saa kumi na moja, tumelowa, meno yanagongana. Nyumba ya wageni tuliyoilipia amana ilikuwa imewapa wengine vyumba vyetu sita kati ya kumi, na amana haikurudi siku ile. Nilitaka kulia pale kaunta. Mwenyekiti akasema tule kwanza.

Kericho kuna Gurudwara kubwa ya Wasikh, iliyojengwa kwa kumbukumbu ya Baba Puran Singh aliyeishi mji huu, na desturi yao ni kwamba yeyote anayeingia hulishwa bure, wa dini yoyote. Nilikuwa nimesikia, sikuwa nimewahi kuingia. Unavua viatu, unafunika kichwa kwa kitambaa, unanawa mikono, unaketi chini kwenye mkeka na wengine. Hawakutuuliza tunatoka wapi mpaka tuliposhiba. Dengu za moto, chapati, wali, maziwa ya mchele yenye sukari, wakirudi na sufuria kila sahani ilipopungua. Mzee, ambaye hukaa chini kwa shida kwa sababu ya magoti, aliletewa kigoda bila kuomba. Tulipotaka kuacha kitu, mzee mmoja mwenye kilemba alisema chakula hakilipiwi hapa, kisha akauliza namba ya mchango wa watoto. Alituma mbele yangu. Sitaandika kiasi, kwa kuwa aliniomba nisiandike.

Watu 12 kati yetu walilala kwenye ukumbi wa kanisa moja la jirani, juu ya magodoro yaliyoletwa na akina mama wa kwaya.

Siku ya tatu, Jumamosi: Kericho – Ahero – Kisumu (kilomita 80 hivi)

Asubuhi chai ilikuwa kijani inayong'aa, mashamba yote yameoshwa. Hapa kila mtu anataka kukimbia, maana kutoka Kericho unashuka. Ziwa liko mita 1,130 hivi, na kwa siku mbili tulikuwa tumeulipia mteremko huu kwa jasho.

Breki za baiskeli ya Mzee ni za vyuma virefu, zinabana rimu kutoka chini. Kwenye mteremko mrefu zinapata moto. Alisimama kila baada ya kilomita tatu kuzipoza kwa maji ya chupa. Kijana mmoja, mzuri sana baiskelini na mwenye haraka ya umri wake, alichoka kungoja akajiachia peke yake. Tulimkuta kwenye kona kabla ya Kipsitet amekaa kando ya barabara, baiskeli mtaroni, kiwiko na paja vimechubuka kwenye kokoto. Mchungaji wa mbuzi alikuwa amemwekea gunia akalie na anampepea kwa jani la mgomba. Muuguzi alimsafisha. Mzee hakumkemea. Alimpa chupa ya maji amshikie, akamwambia, "Utakuwa unanipozea breki mpaka Kisumu." Na kweli, kijana alifanya hivyo hadi mteremko ulipoisha, akisimama kila Mzee aliposimama.

Hewa inabadilika ukishuka. Kapsoit bado una sweta, Awasi unatafuta kivuli. Miwa inaanza kuonekana, trekta za miwa nazo, na ardhi inakuwa tambarare mpaka macho yanachoka. Funga maji zaidi kwa sehemu hii, lita tatu kila mtu, na mfunike shingo. Tulinunua miwa ya kumenya, 20 kipande, na tikiti maji zima kwa 150.

Ahero tulipumzika karibu na daraja la Nyando, maji ya kahawia. Mashamba ya mpunga yalikuwa na yangeyange weupe wengi, na mtoto mmoja alikuwa akiwafukuza ndege wengine kwa kombeo na wimbo. Hapa hatukuhitaji kueleza selimundu. Mwendesha bodaboda wa kwanza aliyesoma kizibao alisema, "Dada yangu alikuwa nayo." Wa pili akasema binti yake. Mwanamke wa duka la simu alitoka na shilingi elfu moja mkononi, akanipa bila neno, akarudi ndani akageuza uso ukutani. Nilimfuata. Tulikaa naye. Hayo tuliyoongea nayaacha hapo dukani.

Tulipoondoka Ahero, bodaboda 11 walitusindikiza wakiwasha taa na kupiga honi, wakizuia magari ili tupite. "Erokamano," yaani asante kwa Kijaluo, Mzee alikuwa akisema kila mmoja alipopita, mpaka sauti ikakauka.

Nyamasaria, dada yangu na mume wake walikuwa wakingoja kivulini na mtoto. Alikuwa amevaa kizibao cha manjano nilichomtumia kwa basi, kimemfika magotini. Mwezi wa sita alilazwa siku tisa, na mguu wa kushoto bado anauburuta kidogo. Aliniambia, "Anti, na mimi nataka kuingia Kisumu na baiskeli."

Tulitazamana. Baiskeli zetu zote ni za kisasa, nyepesi, za bei, na hakuna hata moja inayoweza kubeba mtu wa pili. Isipokuwa moja. Mzee alikuwa tayari amekunja koti lake na kulitandika juu ya karia. Baba wa mtoto akamwinua, muuguzi akampima joto kwa mgongo wa mkono, akampa maji, akamwambia anywe tena kila tukisimama. Mtoto akamkumbatia Mzee kiunoni, na kengele akaiomba aipige yeye. Mzee alimfunza kunyoosha mkono kupita kwapani.

Kutoka Nyamasaria hadi mjini tulikwenda pengine kilomita nane kwa saa. Kengele haikunyamaza. Watu walitoka madukani, makondakta wa matatu wakainama madirishani kuuliza, na mimi nilikuwa napokea pesa kwa mkono wa kulia na kuendesha kwa wa kushoto, jambo ambalo siwashauri. Ujumbe wa M-Pesa wa dakika zile 40 ni 63. Nimeuhesabu tena leo.

Jioni tulikula Dunga, ufukweni mwa ziwa: ngege mzima wa kukaanga na ugali na sukuma wiki, 500. Ukienda na kundi, agiza kabla ya kuoga, samaki mbichi huchukua saa nzima. Mzee alilala kwenye kiti kabla samaki hajaja.

Siku ya nne, Jumapili: kliniki, kisha nyumbani

Wazazi walikusanyika baada ya ibada, chini ya mwembe wa kliniki, familia 30 na ushei. Hakukuwa na hundi kubwa ya karatasi ya kupiga picha. Niliwasomea daftari lote, pamoja na kurasa nilizozinakili upya: kila jina, kila "wachuuzi wa Londiani", kila "wachumaji chai, banda la mabati". Jumla shilingi 487,260. Kati ya hizo, za barabarani 61,870. Gharama za safari kila mwanachama alijilipia, kwa wastani 6,200 kila mtu pamoja na kodi ya kanta, lori dogo la kuturudisha, kwa hiyo hakuna senti ya mchango iliyokula mafuta wala chapati.

Muuguzi mkuu alieleza zitakwenda wapi: vidonge vya foliki asidi, haidroksiurea, dawa ya kupunguza vipindi vya maumivu, kwa watoto wanaoihitaji, na vipimo vya watoto wachanga ili waanze matibabu kabla ya maumivu ya kwanza. Baba mmoja aliuliza kama dawa itatosha mpaka Agosti ijayo. Muuguzi alisema ukweli, kwamba kwa wengine itatosha na kwa wengine haitatosha. Nililiandika hilo pia.

Kanta iliondoka saa nane, baiskeli zimefungwa kwa kamba na magunia katikati. Fungeni pedali ndani na mviringishe cheni kwa nguo kuukuu, baiskeli zetu mbili zilikwaruzana vibaya. Kutoka Kericho kuja juu ilinyesha tena na hatukuona kitu.

Jumanne usiku, saa mbili na dakika kumi na saba, nilikuwa nimeshafunga hesabu na kuipeleka kwa wanachama. Simu ikalia. Shilingi 200, kutoka kwa jina la mwanamke nisilolijua. Dakika moja baadaye akapiga. Aliniambia samahani amechelewa, mvua ilikuwa nyingi na viazi havikutoka mpaka soko la leo, na rangi kwenye gunia ilikuwa imeanza kufutika, mjukuu wake ndiye aliyeisoma. Akauliza kama yule mzee wa baiskeli nyeusi alifika.

Nikamwambia alifika, na alikuwa amembeba mtoto.

Jumla ni 487,460. Nimeituma upya kwa wanachama wote.